MLANGO WA UCHAGUZI: NANI ARUHUSIWE KUSIMAMA?

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya makatibu na waweka hazina wa matawi. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimeombwa nizungumze juu ya uchaguzi wa mabaraza ya miji katika nchi ya Marekani, hasa katika ile miji inayotumia kura ya kupanga. Huenda mmoja wenu akauliza, "Mambo ya miji ya mbali yatufaa nini sisi?" Jibu langu ni fupi. Kila tawi letu lina uchaguzi, na kila uchaguzi una mlango. Mtu hawezi kupigiwa kura mpaka kwanza apite mlangoni. Watu wengi hutazama sanduku la kura tu, wasiutazame mlango. Lakini anayeushika mlango ameshika nusu ya uchaguzi kabla ya kura ya kwanza kupigwa.

Kura ya kupanga ni nini

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Katika uchaguzi tuliouzoea, mpiga kura hutia alama moja, na mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi, hata kama wengi hawakumtaka. Katika kura ya kupanga, mpiga kura huandika chaguo lake la kwanza, la pili, la tatu, na kuendelea kadiri karatasi inavyoruhusu.

Tuchukue mfano. Watu 100 wanachagua mtu mmoja. Mgombea A apata kura 42 za chaguo la kwanza, B apata 35, na C apata 23. Hakuna aliyepita nusu. Basi C anatolewa, na karatasi zake 23 zinatazamwa chaguo la pili. Kumi na nane zamtaja B, tatu zamtaja A, na mbili hazina chaguo la pili. Sasa B ana 53 na A ana 45. B ameshinda, maana waliomkubali ni wengi zaidi.

Ziangalieni zile karatasi mbili zisizokuwa na chaguo la pili. Hizo huitwa kura zilizokwisha. Mpiga kura alifika, akapiga kura yake sawasawa, lakini katika hesabu ya mwisho hayumo. Zikiwa mbili katika mia, si neno. Zikiwa nyingi, ni neno kubwa. Na wingi wake wategemea sana jambo ambalo halionekani siku ya kura, yaani ni watu wangapi waliruhusiwa kusimama.

Chujio limebaki moja

Miji mingi ya Marekani ilikuwa na uchaguzi wa mara mbili. Kwanza ulifanyika uchaguzi wa mchujo, watu wachache wakaenda kupiga kura, na wagombea wakapunguzwa mpaka wawili. Kisha wale wawili walipambana katika uchaguzi mkuu. Kura ya kupanga ililetwa ili kazi hiyo ifanywe siku moja. Gharama ya mji inapungua, na mfanya kazi hapotezi siku mbili za kwenda kituoni.

Hiyo ni faida. Lakini mchujo ukishaondolewa, chujio linalobaki ni moja tu, nayo ni ile sheria ya kujiandikisha kuwa mgombea: ada kiasi gani, sahihi ngapi, kwa siku ngapi. Zamani kama mlango ulikuwa wazi mno, mchujo ulisahihisha. Sasa wote waliopita mlangoni wanakwenda moja kwa moja mpaka kwenye karatasi ya mwisho ya mpiga kura.

Habari ya Minneapolis

Mji wa Minneapolis katika jimbo la Minnesota ni mfano mzuri wa jambo hili. Wenyeji wake walikubali kura ya kupanga mwaka 2006, na wakaitumia mara ya kwanza mwaka 2009. Mpiga kura aliruhusiwa machaguo matatu. Lakini ada ya kusimama ilibaki ile ya zamani, dola 20 tu, hata kwa kiti cha meya.

Mwaka 2013 meya aliyekuwako hakusimama tena, na kiti kikawa wazi. Walijiandikisha watu 35. Fikirini karatasi yenye majina 35, nayo yamepangwa mara tatu, kwa chaguo la kwanza, la pili na la tatu. Wengine kati yao walikuwa na mpango wa kweli wa kuuongoza mji. Wengine walitaka tu jina lao lionekane, na kwa dola 20 walilipata tangazo la bei rahisi kabisa.

Hesabu ilichukua siku mbili. Makarani walipitia duru 33, wakitoa mgombea mmoja baada ya mwingine. Bibi Betsy Hodges, aliyekuwa diwani, ndiye aliyeshinda. Alianza na asilimia kama 36 ya chaguo la kwanza, na mwisho alikuwa na karibu asilimia 49 ya kura zote zilizopigwa. Kwa nini hakufika nusu, na kura ya kupanga ilisifiwa kwamba huleta nusu na zaidi? Kwa sababu mtu mwenye machaguo matatu kati ya majina 35 aweza kutaja watatu ambao wote wanatolewa. Karatasi yake imekwisha. Hakufanya kosa lo lote. Majina yalikuwa mengi na nafasi zilikuwa chache.

Mwaka uliofuata, 2014, jambo lilipelekwa kwa wenyeji wenyewe, maana ada ilitakiwa kuandikwa katika katiba ya mji, na katiba hiyo haibadilishwi kwa siri ndani ya chumba cha baraza. Wenyeji walikubali. Ada ya meya ikawa dola 500, ya diwani dola 250, na ya halmashauri ya bustani na ile ya kodi dola 100.

Waliotaka ada mpya walisema kwamba karatasi ndefu inamchosha mpiga kura na kumficha mgombea wa kweli katikati ya umati. Waliopinga walisema kwamba umaskini si upuuzi, na mwenye fedha aweza kuwa mpuuzi vile vile. Ndugu zangu, pande zote mbili zilisema kweli.

Tupime kwa kipimo cha mfanya kazi. Tangu Agosti 1, 2014, kima cha chini cha mshahara katika makampuni makubwa ya Minnesota kilikuwa dola 8 kwa saa. Ada ya zamani ya dola 20 ilikuwa kazi ya saa mbili na nusu. Ada mpya ya dola 500 ilikuwa kazi ya saa 62 na nusu, yaani karibu siku nane za saa nane nane, kabla ya kodi ya nyumba na kabla ya chakula. Kwa wakili mwenye ofisi mjini, dola 500 ni kitu kidogo. Kwa mfagiaji wa ofisi hiyo hiyo, ni mshahara wa juma moja na nusu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mara nyingi mwenye shibe ndiye anayeandika sheria ya ada.

Je, ada ilifanya kazi yake? Mwaka 2017 walisimama wagombea 16 wa umeya, na mwaka 2021 walisimama 17. Ni nusu ya wale 35. Lakini tusiseme upesi kwamba ada peke yake ndiyo iliyowapunguza. Mwaka 2013 kiti kilikuwa wazi, na kiti kilicho wazi huvuta wengi. Mwaka 2017 na 2021 meya aliyekuwako alikuwa anasimama tena. Mwenye kupima dawa lazima aangalie kama mgonjwa ni yule yule.

Maskini apitie wapi?

Sheria ya Marekani imekwisha kulijibu swali hili. Mwaka 1974 ilifika mbele ya Mahakama Kuu ya nchi kesi ya mtu mmoja wa Los Angeles, Bwana Lubin, aliyetaka kusimama kwa kiti cha baraza la kaunti. Ada ilikuwa dola 701 na senti 60, nayo ilihesabiwa kama asilimia 2 ya mshahara wa kiti hicho. Hakuwa nazo. Mahakama iliamua kwamba serikali haiwezi kumdai ada mtu asiyeweza kuilipa, ikiwa hakuna njia nyingine ya haki ya kumfikisha kwenye karatasi ya kura.

Tangu hapo, mahali penye ada lazima pawe na mlango wa pili, na mara nyingi mlango huo ni sahihi za wapiga kura. Minnesota ina sheria inayomruhusu mgombea kuleta sahihi badala ya ada. San Francisco, ambako ada ya kusimama kuwa meya huhesabiwa kama asilimia 2 ya mshahara wa mwaka, yaani maelfu ya dola, mgombea aweza kupunguza deni hilo kwa sahihi, au kulimaliza lote.

Sahihi ni mtihani bora kuliko fedha, kwa sababu zinaonyesha kama mtu ana watu. Lakini msidhani kwamba sahihi ni za bure. Huzikusanyi ukiwa kiwandani. Unahitaji jioni nyingi, viatu, na marafiki wa kukusaidia. Mwenye fedha huajiri watu wamzungukie.

Habari ya New York

New York walichagua njia ya sahihi. Wenyeji walikubali kura ya kupanga mwezi Novemba 1919? La, msinisikie vibaya, nasema 2019. Na ilianza kutumika mwaka 2021 katika uchaguzi wa ndani wa vyama na katika chaguzi ndogo za mji. Mpiga kura anaruhusiwa machaguo matano. Uchaguzi mkuu wa Novemba bado ni wa alama moja.

Mtu anayetaka kuingia katika uchaguzi wa chama chake kwa kiti cha meya hutakiwa kuleta sahihi 3,750 za wapiga kura wa chama hicho, na kwa kiti cha diwani sahihi 450. Muda wa kuzikusanya ni majuma machache tu. Mwaka 2021, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, jimbo lilipunguza hesabu ikawa 2,250 kwa meya na 270 kwa diwani, maana kumsogelea mtu na kalamu kulikuwa ni hatari. Mwaka huo wagombea 13 walikuwa kwenye karatasi ya umeya ya chama cha Democratic, na Bwana Eric Adams alimshinda Bibi Kathryn Garcia kwa kura 7,197 tu. Mwaka 2025 wagombea walikuwa 11, na aliyeshinda ni Bwana Zohran Mamdani.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalioni. Sheria ya jimbo inasema kwamba mpiga kura aweza kutia sahihi kwa mgombea mmoja tu kwa kila kiti. Akitia kwa wawili, ile ya kwanza ndiyo inayohesabiwa, na ya pili imekufa. Kwa hiyo siku ya kura aambiwa, "Taja watano unaowapenda," lakini siku ya kufungua mlango aliambiwa, "Chagua mmoja tu." Karatasi ya kura ni ya mtindo mpya, na karatasi ya sahihi ni ya mtindo wa zamani. Mgombea anayefika mlangoni kwa mwananchi akiwa wa pili hukuta sahihi imekwisha chukuliwa, hata kama mwananchi yule angependa wote wawili wasimame.

Na kuna vita vingine. Mgombea aweza kuzipinga sahihi za mwenzake: huyu si mwanachama, huyu hakai hapa, huyu alikwisha tia kwingine. Kwa hiyo mwenye busara huleta nyingi kuliko zinazotakiwa, na mwenye wakili hulala usingizi kuliko asiye naye. Watu wametolewa kwenye karatasi kwa njia hiyo bila mpiga kura hata mmoja kuulizwa.

Kwa nini mji usibadilishe? Kwa sababu mji una uwezo juu ya kura yake kwa katiba yake, lakini jinsi ya kukusanya sahihi na kuzipinga imo katika sheria ya jimbo. Wenye mamlaka ni wawili, na mlango una bawaba mbili. Kila mnapoambiwa kwamba baraza limebadilisha uchaguzi, ulizeni: Je, limebadilisha wote, au upande ule tu linaoushika?

San Francisco na Cambridge

San Francisco walikubali kura ya kupanga mwaka 2002 na kuitumia tangu 2004, nao pia walianza na machaguo matatu. Mwaka 2010, katika wodi ya 10, walisimama wagombea 21 kwa kiti kimoja. Bibi Malia Cohen aliyeshinda alikuwa amepata chini ya asilimia 12 ya chaguo la kwanza, na zaidi ya nusu ya kura zilikuwa zimekwisha kabla ya hesabu ya mwisho. Hapo tatizo lilikuwa lile lile la Minneapolis. Lakini dawa iliyokuja haikuwa kufunga mlango. Tangu 2019, kwa mashine mpya, mpiga kura aliruhusiwa kutaja mpaka kumi. Badala ya kupunguza wagombea, waliongeza nafasi za mpiga kura.

Mji mdogo wa Cambridge katika Massachusetts ni mkongwe kuliko wote niliowataja. Umechagua madiwani wake tisa kwa kura ya kupanga tangu 1941. Mgombea analeta sahihi zisizopungua 50 wala kuzidi 100. Angalieni ile "wala kuzidi." Ukileta sahihi elfu hupati sifa yo yote, na mwenye fedha hana la kujivunia mlangoni. Mwaka 2017 walisimama 26 kwa viti tisa. Karatasi ni ndefu, lakini viti ni tisa, kwa hiyo kura ina mahali pengi pa kutua.

Na mji wa Portland katika Oregon ulifanya hivyo kwa nguvu mwaka 2024: viti 12, wilaya nne, watatu kila wilaya, na machaguo mpaka sita. Walisimama karibu watu 100 kwa viti hivyo vya baraza. Wilaya mbili zilikuwa na wagombea 30 kila moja. Wapiga kura walisoma sana mwaka huo.

Mafundisho kwetu

Ndugu wanachama, hapa kwetu mlango wa ada tunaujua. Katika uchaguzi wa mwaka 2022, aliyetaka kuingia baraza la kaunti alilipa Sh. 5,000 kwa Tume, na wanawake, vijana na walemavu walilipa nusu. Hata hapo sheria ilikubali kwamba ada moja haina uzito mmoja kwa watu wote. Nakusudia kuwaachieni maswali manne. Tawi lo lote linaloandika kanuni zake za uchaguzi, liwe linatumia kura ya kupanga au kura ya alama moja, yafaa lijiulize.

La kwanza: Mlango unazuia nini? Ikiwa mnataka kuzuia mzaha, sahihi chache za wanachama zatosha. Mzaha haupati watu hamsini wa kuuandikia majina. Ikiwa mlango unamzuia mtu mwenye watu lakini asiye na fedha, mmekwisha mchagua mshindi kabla ya mkutano.

La pili: Je, hesabu ya wagombea na hesabu ya machaguo zinalingana? Msiwape wanachama machaguo matatu mbele ya majina thelathini, kisha mkashangaa kwamba kura zimekwisha njiani. Punguzeni majina kwa haki, au ongezeni machaguo.

La tatu: Mwanachama aweza kutia sahihi kwa wangapi? Kama kura yenu inamruhusu kupanga, na sahihi imruhusu vile vile. Kumsaidia mtu asimame si kumpigia kura. Ni kusema tu kwamba astahili kusikilizwa.

La nne, na ndilo kubwa: Nani anaandika sheria ya mlango, na lini? Minneapolis waliiandika baada ya uchaguzi mmoja na kabla ya mwingine, na wakawauliza wenyeji wote. Hiyo ndiyo njia. Sheria ya mlango ikiandikwa na walio ndani tayari, majuma machache kabla ya uchaguzi, msiulize sana sababu. Walio ndani siku zote huona kwamba chumba kimejaa.

Mtu aweza kusema kwamba mambo haya ni ya makarani, ya karatasi na mihuri. Ni kweli ni ya karatasi. Lakini wanachama huja kwetu wakilalamika kwamba hawaoni kwenye karatasi jina la mtu wanayemwamini. Wakati huo ni kuchelewa. Jina hilo lilipotea miezi mitatu nyuma, mbele ya meza ya karani, kwa sababu ya ada au kwa sababu ya sahihi iliyofutwa. Kwa hiyo rasimu ya kanuni ikiletwa tawini, isomeni mpaka ukurasa wa mwisho, na ukurasa wa kujiandikisha wagombea msomeni mara mbili.